Lenga Juu, Mzee

Msomaji, ukitaka uwanja wa gofu wa mashindano makubwa, nenda Usa River, njia ya Arusha: Kili Golf, mashimo 18, pa 72, mchoraji David Jones. Mimi gofu nimeijulia hapa Moshi mjini, mashimo 9 tu. Anayetaka 18 anazunguka mara mbili, na mbeba mfuko wa fimbo naye vilevile. Mbeba mfuko ndiye mimi.

Ugumu wetu ni mlima. Kibo iko kaskazini, ardhi inateremkia kusini, lakini jicho, ati, linaona tambarare. Karibu na shimo mgeni anasukuma kipira moja kwa moja, kinampotea kuelekea bondeni. "Lenga juu, mzee, upande wa mlima," namnong'oneza. Akibisha, shauri yake.

Mchezo huu waliuleta Waingereza, na klabu za enzi zao zilikuwa za wazungu. Siku zile zile walowezi walitaka Mchagga akatazwe kulima kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda KNPA kutetea mibuni yao. 1933 ikazaliwa KNCU. Hayo yamo vitabuni. Lakini waliomwonyesha mzungu mteremko, je? Nimewauliza wazee wa Majengo. Majina yamewatoka. Mteremko wanaukumbuka, shimo kwa shimo.