Bandu Bandu Huisha Gogo

Msomaji, tuseme ya kuwa mtaani Ziwa la Ng'ombe mna sinia mia moja za watu wote. Kila penye arusi au matanga watu huazima sinia, hupakulia, huziosha, kisha huzirudisha. Lakini yuko mmoja ambaye kila aazimapo kumi hurudisha tisa. Juma la kwanza hapana atakayetambua. Hatimaye yafika siku ya karamu kubwa: wageni wamekaa mkekani, wali umeiva, na sinia hazipo. Aghalabu lawama humwangukia mwenye karamu, maana ndiye aliyeonekana akitaka nyingi.

Ndivyo yalivyo mambo ya seva, yaani kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Kumbukumbu yake ina kipimo. Kila programu huazima sehemu yake, na kazi ikiisha yapasa kuirudisha. Isiyorudisha, hata ikiwa ndogo, huimaliza yote. Historia yatupa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa London. Tarehe 26 Oktoba 1992 idara ya magari ya wagonjwa ilianza kuyaongoza magari ya mji mzima kwa kompyuta. Siku ile ile mambo yalivurugika, hata kesho yake wafanyakazi wakarudia kwa sehemu njia ya zamani. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba, baada ya saa nane za usiku, mtambo wote ukasimama. Wachunguzi waligundua ya kuwa yapata majuma matatu nyuma mtunga programu mmoja alisahau ndani yake kipande cha maagizo. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua kumbukumbu kidogo ya seva, kisiirudishe. Kwa gari moja hasara haikuonekana. Kwa magari ya majuma matatu kumbukumbu ilikwisha. Seva ya akiba nayo haikushika kazi, ikawabidi wafanyakazi kushika kalamu na karatasi, na huko nje wagonjwa wakingoja.

Wa pili ni wa kampuni ya Amazon, ambayo seva zake huko Virginia, Marekani, hutumiwa na makampuni mengi. Tarehe 22 Oktoba 2012 seva za kuhifadhia data zilianza kukwama, na tovuti nyingi zikakwama nazo. Chanzo kilikuwa programu ndogo ya utumishi, ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya habari za hali ya seva na kuzipeleka kwa kompyuta nyingine. Kompyuta hiyo ilikuwa imeharibika ikabadilishwa, walakini anwani mpya haikuzifikia seva zote. Zilizobaki na anwani ya kale ziliendelea kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na kwa kosa lililofichika katika programu ile, kumbukumbu ikawa yapungua polepole. Vipimo vya ulinzi havikutoa onyo, kwa sababu matumizi ya kumbukumbu katika seva hizo hupanda na kushuka sana kila siku.

Basi siku utakapokuwa fundi, usimkamate wa kwanza unayemwona akila kingi. Ipime kila programu peke yake, andika kipimo chake na saa yake, ngoja, kisha upime tena. Programu kubwa isiyo na kosa hupanda ikashuka. Yenye kosa hupanda tu. Kuizima seva na kuiwasha huirudisha kumbukumbu yote, lakini mwazimaji mbaya angalimo ndani, na kesho ataanza tena. Baada ya mkasa ule wa 2012 Amazon ilitangaza mambo kadhaa, miongoni mwayo kuweka onyo la kulitambua kosa lile, na kuziwekea mipaka programu zisizo za lazima.

Usidhani ya kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, mambo yetu mengi, ya fedha, ya barua na ya masomo, yamekuwa yakitegemea seva za karibu na za mbali. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mwenye kulitunza gogo hana budi kuhesabu mabanzi mapema, lingali nene.