Kibao Namba 27

Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Bahati na mdogo wake Amani wametoka mjini Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kwenda kusaidia kuifungua kambi ya watoto iliyo kando ya mojawapo ya maziwa ya Belgrade. Mama yao amekubali kwa shingo upande na kwa sharti moja: Amani asiachwe peke yake karibu na maji. Usiku wa kwanza, sauti kama ya mfiwa inasikika ziwani. Kabla hawajajua ni ya nani, kitasa cha mlango kinazungushwa...

SASA ENDELEA

Bahati alinyakua fagio na kusimama mbele ya kitanda cha mdogo wake. Mlango ukafunguka taratibu. Mwanga wa tochi ukamulika dari, ukashuka sakafuni, ukatua usoni pake.

"Weka fagio chini, kijana. Kufagia ni kesho."

Alikuwa Mzee Walter, mtunzaji wa kambi, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Bahati akashusha pumzi.

"Mzee, nani analia huko nje?" Amani aliuliza, blanketi limemfika puani.

"Hakuna anayelia. Njooni."

Walitoka barazani. Baridi ya mwezi wa Mei iliwapiga magotini, na vyura walikuwa wakipiga kelele kila upande wa kinamasi. Ile sauti ikapanda tena kutoka gizani, ndefu, ikavunjika katikati. Bahati alisisimka mwili mzima. Ilifanana mno na kilio cha mama zao msibani.

"Huyo ni luni," Mzee Walter alisema. "Ndege wa majini, mweusi, mgongo una madoa meupe, macho mekundu kama kaa la moto. Majira ya baridi hukaa baharini. Barafu ikishayeyuka ziwani, hakawii kurudi. Anamwita mwenzake."

Akaelekeza tochi kwenye kisiwa kidogo kilichojaa misonobari. "Kiota chao kiko pale, ukingoni kabisa mwa maji. Hutaga mayai mawili, basi. Wakishtushwa huweza kuyaacha yakapoa. Ndiyo maana hakuna anayekanyaga kisiwani mpaka vifaranga viingie majini."

Amani hakuondoa macho pale kisiwani.

"Kaka," alinong'ona waliporudi kitandani, "kesho tutawaona?"

"Baadaye, Amani. Lala."

*

Asubuhi ilianza kwa kengele, halafu kazi.

Aliyeiona kambi hii mwezi wa Julai, watoto wakiimba na kuogelea, asingeitambua. Njia ilikuwa tope tupu. Vibanda vilinuka unyevu, na ndani ya magodoro panya walikuwa wamejitengenezea makazi ya majira ya baridi. Watu wa rika zote walikuwa wameshika reki, nyundo na ndoo: wazazi, walimu, wanafunzi wa vyuo ambao wangekuwa walezi wa watoto shule zikifungwa mwezi wa Juni, na familia kadhaa za Wakongo na Wasomali kutoka Lewiston ambazo watoto wao walikuwa wamepata ufadhili.

Bahati alipewa kazi ya mabomba. Kila vuli maji hutolewa yote, kwa sababu yakibaki ndani huganda, hutanuka na kupasua bomba. Sasa Mzee Walter alikuwa akifungua koki moja baada ya nyingine, na Bahati alikimbia kutoka kibanda hadi kibanda akitafuta panapovuja. Palipovuja, alipiga kelele. Maji yakitulia, sampuli ingepelekwa maabara kupimwa vijidudu kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kunywa.

Usubi ulikuwa umeamka. Uliingia masikioni, puani, chini ya kola. Mama Zawadi, aliyezaliwa Uvira na kuishi Nyarugusu kwa miaka mingi, alijifunga kanga hadi shingoni.

"Hawa wadudu ninawajua," alisema. "Kwetu wanapofusha watu."

"Huku wanauma tu, mama," mmoja wa walezi alimtuliza. "Hawaambukizi binadamu ugonjwa."

"Kuuma kwenyewe kunatosha!"

Jikoni, Mama Zawadi ndiye aliyekuwa mkuu. Alikuwa na mfuko wa sombe iliyogandishwa, aliyoinunua kwenye duka la Mtaa wa Lisbon, na unga wa mahindi wa kutosha watu wote. Kijana mmoja wa Maine akamletea kikapu cha machipukizi ya kangaga, yale yanayojikunja kama konokono, yanayochumwa msimu huu tu kandokando ya mito. Mama Zawadi akalishika moja, akalisugua kwa kidole gumba mpaka ganda la kahawia likatoka, akalinusa.

"Yanaliwa mabichi?"

"Hapana! Yanaumiza tumbo. Lazima yachemshwe sana, dakika 15, na maji yamwagwe."

"Basi ni ndugu wa sombe," akasema, akayatia sufuriani. "Nayo haitaki haraka."

Saa nne, walipopumzika kwa chai, Bi Ellen, mkurugenzi wa kambi, alisimama juu ya benchi.

"Mnajua kambi za namna hii zilianzaje?" aliuliza. "Mwaka 1881, kijana aitwaye Ernest Balch alifungua kambi ya Chocorua kwenye kisiwa cha ziwa Squam, New Hampshire. Aliona watoto wa matajiri wanapoteza likizo hotelini bila la kufanya. Kisiwani kwake hakukuwa na watumishi. Wavulana walipika wenyewe, waliosha vyombo wenyewe. Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Hakuna mgeni. Anayelala hapa, anafanya kazi hapa, na anamwangalia mwenzake."

Bahati alisikia neno hilo la mwisho likimchoma. Aligeuka kumtafuta Amani. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, kikombe mkononi, uso umeelekea kisiwani.

*

Kazi kubwa ilikuwa gati. Lingeachwa majini majira ya baridi, barafu ingelisaga, kwa hiyo kila mwaka huvunjwa vipande na kurudishwa machipuko. Wanaume na wanawake sita walivaa suruali za mpira zinazofika kifuani. Ufukweni palisimama ubao mkubwa wenye misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kibao cha duara chenye namba. Upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu.

"Nisikilizeni," Mzee Walter alisema, na safari hii hakutabasamu. "Anayevuka kamba hii anageuza kibao chake kiwe chekundu. Akitoka, anakirudisha cheupe. Mkubwa, mdogo, hata mimi. Hakuna anayeingia peke yake. Kila mtu na mwenzake. Na kila anayepanda mtumbwi avae jaketi okozi. Kila jaketi lina filimbi. Mipulizo mitatu maana yake nisaidieni."

Akachovya kipimajoto, akakiinua. "Nyuzi 12. Jua linawadanganya. Ukitumbukia humu, una dakika 1 ya kuituliza pumzi yako, maana baridi itakufanya uhemeheme na kumeza maji. Una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Halafu una kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu, kama kuna kitu kinachokuelesha. Kama hakuna, saa hiyo huna."

Amani alipewa kibao namba 27. Bahati alipewa namba 26.

"Kaka, mitumbwi ile pale. Twende sasa?"

"Nimekwambia baadaye. Kaa hapo nikuone."

Aliingia majini. Baridi ilipenya mpira na kumshika mapaja. Kipande cha kwanza cha gati kilikuwa kizito, kikagoma kuingia kwenye nguzo. Wakasukuma, wakainua, wakapiga nyundo. Kikaingia. Watu wakashangilia. Bahati aligeuka akamwona Amani, akampungia mkono. Kipande cha pili kikaja, na cha tatu. Misuli ilimuuma, lakini kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani watu wasiomjua walikuwa wakiita jina lake kama wanavyoita la mwenzao: Bahati, shika! Bahati, inua! Akasahau baridi. Akasahau saa.

Akasahau kugeuka.

*

Kengele ya chakula ililia. Wote wakatoka majini, kila mmoja akageuza kibao chake. Ugali ulikuwa unafuka mezani, sombe na kangaga kando yake, na watu walikuwa wameanza kupanga foleni Mzee Walter aliposema kwa sauti ya chini:

"Hakuna anayekula."

Alikuwa amesimama mbele ya ubao. Vibao vyote vilikuwa vyeupe. Kimoja tu kilikuwa chekundu.

Ishirini na saba.

"Amani!" Bahati aliita. "Amani!"

Kisiki kilikuwa kitupu. Kwenye mchanga, mtumbwi wa kijani haukuwepo, na alama ya kuburutwa iliishia majini.

Mtoto alikuwa amekumbuka kugeuza kibao. Kwenye kibanda cha vifaa, jaketi moja dogo la rangi ya machungwa halikuwepo; alikuwa amekumbuka hata hilo. Alifuata kila alichofundishwa isipokuwa kwenda na mwenzake, na mwenzake alikuwa amemwambia baadaye.

Bi Ellen alikuwa tayari kwenye simu na watu wa uokoaji. Bila kuambiwa mara mbili, watu wazima walivaa majaketi, wakaingia sehemu ya kina kifupi, wakashikana mikono na kuunda mstari, wakaanza kutembea hatua kwa hatua, miguu ikipapasa chini ya maji. Mama Zawadi alikuwemo, kanga yake ikielea. Mhasibu, mwalimu, fundi bomba, mama wa Kisomali aliyekuja kupaka rangi madirisha: hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani.

Bahati alimfikiria mama yake. Mwaka 1996, akiwa msichana mdogo, alivuka Ziwa Tanganyika usiku kuikimbia vita. Mtumbwi ulizama karibu na Kigoma. Alifika ufukweni bila kaka yake. Tangu siku hiyo hakuwahi kuingiza mguu kwenye maji yanayozidi kifundo.

"Pale!" Mzee Walter alipaza sauti, darubini machoni.

Upepo ulikuwa unausukuma mtumbwi wa kijani upande wa mashariki. Ulikuwa umekaa sawa, haujapinduka. Lakini hapakuwa na mtu ndani yake.

Walirukia boti ya injini. Bahati hakusubiri ruhusa. Walipoufikia mtumbwi, aliinama na kuushika ukingo. Ndani mlikuwa na kafi moja, kiatu kimoja cha kushoto cha Amani, na jaketi okozi dogo la rangi ya machungwa, kavu. Filimbi yake ilikuwa bado imefungwa kwenye zipu.

Mzee Walter alizima injini ili wasikilize. Ziwa lilikuwa kimya.

Ndipo kutoka kisiwani, ambako hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga, ikasikika filimbi. Mpulizo mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Bahati aliitazama filimbi ya Amani mkononi mwake. Huko nyuma ufukweni kila mtu alikuwa amehesabiwa, na kila jaketi jingine lilikuwa mahali pake.

"Mzee," alisema, sauti ikimtetemeka, "nani anapuliza?"

Mzee Walter hakujibu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kana kwamba mpuliza filimbi anamjua.

ITAENDELEA

Je, Amani yuko hai? Nani yuko kisiwani, na Mzee Walter anaficha nini? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo. Hadi hapo, msomaji, ukiwapeleka watoto majini, iwe Tanganyika, Coco Beach au bwawa la hoteli, wahesabu kabla hawajaingia, wahesabu wakiwa ndani, wahesabu wakitoka. Na ukimwona wa jirani yuko peke yake, mhesabu naye.