Meza ya katikati jikoni: Mambo ya kupima kabla ya kumwita fundi

PICHA za majiko yenye meza kubwa katikati huwavutia wengi wanaojenga au kukarabati nyumba ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Meza hiyo hujengwa mbali na kuta zote, ikazungukwa na nafasi ya kupita kama kisiwa kinavyozungukwa na maji. Huwa na kabati chini, na juu ubao au jiwe la kuandalia chakula.

Hata hivyo, meza ya aina hii si pambo tu. Hugharimu fedha nyingi, huchukua nafasi kubwa, na ikishajengwa si rahisi kuihamisha. Kwa hivyo, mwenye nyumba hana budi kupima mambo manne kabla ya kuchagua muundo: ukubwa wa chumba, namna familia inavyopika, hali ya hewa ya pwani na hali ya ardhi ambayo nyumba imesimama juu yake.

Ukubwa wa chumba

Meza ya katikati yenye manufaa aghalabu huwa na upana usiopungua sentimita 60 na urefu wa sentimita 120. Kila upande huhitaji njia ya sentimita 90 hadi 100 ili mtu aweze kupita na sufuria ya moto, kuinama au kufungua mlango wa kabati. Watu wawili wakipika pamoja, njia ya sentimita 120 ni bora zaidi.

Hesabu hiyo ni rahisi kuifanya. Iwapo ukuta mmoja una kaunta ya sentimita 60, ongeza njia ya sentimita 100, meza ya sentimita 60 na njia nyingine ya sentimita 90. Jumla ni sentimita 310. Kaunta zikiwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, upana unaohitajika hukaribia mita nne. Chumba chenye upana usiofikia mita tatu hakifai kujengewa meza ya aina hii.

Udogo wa jiko si aibu. Mnamo mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko lililopata sifa kubwa kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Chumba hicho kilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na hakikuwa na meza ya katikati. Siri yake ilikuwa mpangilio: kila kifaa kiliwekwa karibu na mkono wa mpishi.

Kwa chumba kidogo, zipo njia mbili mbadala. Ya kwanza ni meza iliyoshikamana na ukuta upande mmoja, ambayo huokoa njia moja nzima. Ya pili ni meza nyepesi yenye magurudumu, inayosukumwa pembeni kazi ikiisha. Magurudumu yake sharti yawe na kizuizi ili meza isiteleze mtu anapokata nyama au kusukuma chapati.

Namna familia inavyopika

Nyumba ya Waswahili ya jadi huwa na ukumbi unaoanzia mlango wa mbele hadi uani, na mapishi hufanyika nyuma. Mpango huo una maana. Moshi, harufu ya samaki wa kukaanga na pilikapilika za mapishi hukaa mbali na wageni, na kina mama hupata faragha.

Meza ya katikati, kwa upande wake, mara nyingi huandamana na jiko lililo wazi kwa sebule. Familia inayopokea wageni mara kwa mara yapaswa kuamua mapema iwapo itaridhia hali hiyo. Yawezekana kubakisha ukuta wenye mlango, au kujenga ukuta nusu na kutundika pazia. Wengine hupendelea kuwa na jiko la ndani kwa chai na mapishi mepesi, na kuacha uani kwa sufuria kubwa za pilau na biriani za arusi, hitima au Idi.

Aidha, si kila kazi ya jikoni hufanywa kwa kusimama. Anayekuna nazi hukaa juu ya mbuzi, chini kabisa, na huhitaji nafasi sakafuni. Meza ikijaza chumba chote, kazi hiyo huhamia mlangoni au ukumbini. Kimo cha sentimita 90 kinawafaa wengi kwa kukata na kupanga vyakula, lakini anayekanda unga huhisi nafuu meza ikiwa chini kidogo, kama sentimita 80 hadi 85. Mpishi mkuu wa nyumba ndiye apimwe, wala si fundi.

Moto na maji

Jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi ni kuweka jiko la gesi juu ya meza ya katikati. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutanda sakafuni au kujikusanya ndani ya kabati. Mtungi uliofichwa ndani ya meza iliyofungwa pande zote ni hatari. Ni salama zaidi jiko la gesi likae kando ya ukuta, mtungi ukisimama wima nje ya nyumba penye kivuli, na mpira wake uwe mfupi na wa kuonekana. Matundu ya hewa yawepo pia karibu na sakafu, si juu pekee.

Jiko la makaa nalo halifai kuwekwa juu ya meza ya mbao, hata likiwa na udongo ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa huweza kuua. Makaa yabaki uani.

Upepo pia uzingatiwe. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kati ya Desemba na Machi, na kusi kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Madirisha mawili yanayotazamana hupoza chumba, lakini moto uliowekwa katikati ya mkondo huo wa upepo huyumba na kuzimika.

Sinki katikati ya chumba huhitaji mabomba mawili chini ya sakafu: la kuleta maji na la kutoa maji machafu. La pili lazima liwe na mteremko. Uamuzi huo hufanywa kabla ya sakafu kumwagwa, la sivyo itabidi ivunjwe. Ikumbukwe kwamba Mombasa hutegemea maji kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na Marere na visima vya Baricho, na mgao ni jambo la kawaida. Nafasi ya pipa au tangi ina thamani kuliko sinki ya pili.

Vifaa vinavyostahimili pwani

Unyevu na chumvi ya bahari ni adui wa samani. Mbao zilizoshindiliwa kutokana na unga wa mbao huvimba zikipata maji, hasa sehemu ya chini inayopigwa deki kila siku. Mvule hudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Miguu ya meza iinuliwe kidogo kutoka sakafuni, na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Njia iliyo imara ni kujenga kuta fupi za matofali au mawe na kumwaga bamba la saruji juu yake, kisha kulipamba kwa vigae au terazo. Mchanga wa ufuoni usiooshwa usitumike, kwa sababu chumvi yake hula nondo. Jiwe la granaiti nalo hupendwa kwa kuwa halidhuriki upesi kwa joto, lakini ni zito: lenye unene wa sentimita mbili huwa na takriban kilo 54 kwa kila mita mraba. Meza dhaifu ya mbao haiwezi kulibeba.

Ardhi ni ya nani?

Katika sehemu kadhaa za Mombasa upo utaratibu wa miaka mingi ambapo mtu humiliki nyumba bila kumiliki ardhi, na humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, walianza kupewa hatimiliki mwaka 2016, lakini si kila mwenye nyumba aliye na karatasi hiyo.

Asiye na hakika ya ardhi, pamoja na mpangaji, hana sababu ya kuzika akiba yake katika saruji na granaiti asizoweza kuondoka nazo. Kwake yeye, meza ya mbao imara inayofunguka kwa skrubu ndiyo chaguo la busara. Mwenye hatimiliki anaweza kujenga ya kudumu, ila akitaka kubomoa ukuta apate kwanza ushauri wa mhandisi na idhini ya serikali ya kaunti, kwani ukuta huo huenda ndio unaobeba paa.

Kabla ya kulipa chochote, mwenye nyumba achore meza sakafuni kwa chaki, aweke makasha mahali pake, kisha familia ipike kwa wiki moja ikiyazunguka. Iwapo watu watagongana, mbuzi ikakosa pa kukaa na mlango wa kabati ukashindwa kufunguka, chaki hufutika kwa kitambaa tu. Saruji haifutiki.