Ghala za Theluji

Somo: Ayubu 38:1-22

Ninyi mnaokaa Nyeri, Karatina au Nanyuki, mkiamka mapema kabla ya mawingu kutanda, mnauona Mlima Kenya. Hakuna mtoto wa huko asiyejua habari za weupe ulioko kileleni. Lakini ulikuwako wakati ambapo wenye elimu nyingi walikataa kabisa kwamba kuna theluji huko.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa mzee Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani. Kivoi, aliyesafiri mbali na misafara yake, alikuwa amemweleza habari za mlima huo. Siku ile mawingu yakaondoka, na Krapf akaona kwa mbali vilele viwili kama pembe, vyenye weupe. Mwaka uliotangulia, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro.

Habari hizo zilipofika London, William Desborough Cooley alizipinga. Bwana huyu alikuwa msomi hodari wa jiografia ya Afrika, lakini hakuwahi kukanyaga Afrika. Katika kitabu alichotoa mwaka 1852 aliwashambulia wamisionari hao. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Hakufikiri ya kuwa kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua digrii kama 6. Kilele cha Batian kina mita 5,199.

Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima huo akiwa Laikipia. Mwaka 1887 Samuel Teleki aliupanda mpaka karibu na theluji, na tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder na wenzake wawili wakasimama kileleni. Krapf hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1881. Na wenyeji wa miteremko ya mlima, ambao babu zao waliomba wakiuelekea, walikuwa wakiujua weupe ule siku zote. Wasomi wa London hawakuwauliza.

Ndugu msikilizaji, elimu si dhambi. Krapf naye alikuwa msomi, hata akatunga kamusi ya Kiswahili. Lakini yeye alikubali kuketi na kumsikiliza Kivoi. Cooley alidhani kwamba pale elimu yake ilipoishia, ndipo na kazi ya Mungu ilipoishia. Hilo ndilo kosa.

Bwana alimwuliza Ayubu kama amewahi kuingia katika ghala za theluji. Ayubu hakubishana, aliweka mkono kinywani. Petro naye aliapa kwamba hatamwacha Bwana wake, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana mara tatu. Hakuanguka kwa sababu ya kukosa upendo. Aliutegemea ukakamavu wake mwenyewe, akalala wakati wa kukesha.

Je, sisi? Mzee wa kanisa aliyekaa katika baraza miaka mingi aweza kukataa neno jema kwa kuwa limesemwa na kijana. Kijana aliyerudi na cheti aweza kumdharau mama yake asiyesoma. Baba aweza kuuza shamba bila kushauriana na mkewe, kisha watoto wakabaki bila pa kulima. Kiburi cha mmoja hulipwa na nyumba nzima.

Unyenyekevu si kujidharau. Mkristo aweza kusema "sijui" bila hofu, kwa maana hasimami kwa kuwa amejua yote, bali anasimama kwa neema ya Kristo, ambaye alijishusha hata msalabani. Juma hili, kabla hujasema "haiwezekani", uliza kwanza. Msikilize yule uliyemwona mdogo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeiumba milima, utuondolee kiburi, utupe masikio ya kusikia. Tunapodhani tumesimama, utushike mkono tusianguke. Kwa jina la Yesu. Amina.