Kabla Risasi Haijatoka: Tarehe ya Tamthilia za Polisi wa Melbourne

Kwa muda unaokaribia nusu karne, tangu mwaka 1964 hata ilipomalizika tamthilia ya Rush mwezi wa Novemba 2011, watu wa Melbourne walikuwa wakitazama sura yao wenyewe katika hadithi za polisi wao. Na mtu atakaye kujua jinsi walivyobadili fikira zao juu ya nguvu za dola, na juu ya haki ya mkosaji kubaki hai, atapata katika tamthilia hizo hati ambayo wanachuoni, kwa kuidhania kuwa ni burudani ya jioni, aghalabu wameipita bila ya kuifungua.

Sharti ikumbukwe kwamba televisheni ya Australia, iliyoanza mwaka 1956, miezi miwili kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya wenyeji kwa mitambo, lakini sauti zake zilikuwa za wageni. Mwaka 1963 kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta Vincent iliarifu kwamba asilimia 97 ya tamthilia zilizoonyeshwa nchini zilitoka ng'ambo, na nyingi zaidi Marekani. Hata kijana wa Melbourne akawa anajua namna mwizi anavyokamatwa Los Angeles kabla hajajua namna anavyokamatwa mtaani kwao. Aliyeivunja hali hiyo alikuwa Hector Crawford, kiongozi wa muziki ambaye pamoja na dada yake Dorothy alianzisha kampuni ya michezo ya redio mwaka 1945, na ambaye katika miaka ya hamsini, kwa msaada wa polisi wa jimbo la Victoria, alitayarisha mfululizo wa redio ulioitwa D24, kwa jina la chumba ambamo polisi walipokea na kupeleka habari. Maarifa aliyoyachuma katika redio aliyahamishia kwenye picha, na tarehe 20 Oktoba 1964 kituo cha HSV-7 kikaonyesha sehemu ya kwanza ya Homicide.

Kwa macho ya leo mchezo ule ni wa kimaskini. Matukio ya ndani yalinaswa studio kwa mkanda wa video, na ya nje kwa filamu, hivi kwamba mtazamaji aliona mwanga ukibadilika kila kachero alipofungua mlango akatoka barabarani. Lakini barabara ile ilikuwa barabara yake. Makachero wenye kofia walitoka katika makao makuu ya polisi ya Russell Street, jengo alilolijua kila mkazi wa mji, wakaingia katika gari, wakaenda kwenye vitongoji ambavyo kwa nadra vilitajwa katika tamthilia. Na walisema kwa lafudhi ambayo mpaka siku hiyo ilihesabiwa kuwa haifai kwa sanaa. Watu waliupokea mchezo huo kwa furaha ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika hadhara, na ukadumu hata mwaka 1977, ukitimiza sehemu 510.

Jambo ambalo kwangu mimi ni kiini cha tarehe hii ni kwamba katika Homicide polisi hufika baada ya kifo. Maiti yupo chini, msiba umekwisha kutokea, na kazi iliyobaki ni ya akili: nani ameua, kwa sababu gani, na atapatikana wapi. Polisi wa hadithi ya namna hiyo ni katibu wa haki; bunduki anayo, lakini haina kazi kubwa, na hakuna anayemwuliza kama angaliweza kuzuia lililotokea. Division 4 na Matlock Police, zilizotoka katika kampuni ile ile ya Crawford, zilizidisha mitaa na wahusika bila ya kulibadili swali la nani ametenda kosa. Blue Heelers, iliyoanza mwaka 1994 na kufika nayo sehemu 510 ilipomalizika mwaka 2006, ililihamishia katika mji mdogo wa kubuniwa wa Mount Thomas, ambako polisi ni jirani na mkosaji ni mtoto wa mtu anayefahamika. Iliyoanza kugeuza njia ni Police Rescue ya mji wa Sydney, iliyotazamwa katika miaka ya tisini, kwa kuwa polisi wake waliitwa kuokoa watu walionasa katika magari na katika magenge ya miamba, na uhai ukawa bado una nafasi ya kubaki. Miongoni mwa watayarishaji wake alikuwamo John Edwards, na jina hilo litarudi.

Wakati huo polisi wa Victoria walikuwa katika dhiki kubwa. Mwaka 1977 walikuwa wameunda kikosi cha operesheni maalumu kwa ajili ya magaidi na majambazi wenye silaha nzito. Na baada ya bomu lililolipuka Russell Street mwezi wa Machi 1986, na kuuawa kwa makonstebo wawili vijana katika Walsh Street mwezi wa Oktoba 1988, hofu na uchungu vikakaa pamoja katika vituo vya polisi. Kuanzia katikati ya miaka ya themanini hata katikati ya miaka ya tisini polisi wa jimbo lile waliua watu wengi kwa risasi kuliko polisi wa jimbo lolote jingine la nchi, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wagonjwa wa akili, walioshika kisu ama panga, waliohitaji tabibu kuliko askari. Mwaka 1994 uongozi wa polisi ulianzisha mpango ulioitwa Beacon, uliomtaka kila askari ajifunze upya kwamba usalama wa watu wote, pamoja na huyo anayekamatwa, hutangulia kukamata. Katika fikira hizo hizo kikaja kuundwa kikosi cha kukabili matukio ya hatari, kinachozunguka mjini katika magari usiku na mchana, chenye wasuluhishi waliofunzwa kuzungumza na mtu aliyeshikwa na wazimu wa saa ile, na chenye silaha zinazoangusha bila ya kuua: dawa ya pilipili ya kupuliza, na bunduki ya kufyatua vifuko vilivyojazwa chembe. Mahali pake ni baina ya konstebo wa doria na kikosi kile kizito cha mwaka 1977.

Kikosi hicho ndicho kilichowapa John Edwards na mwandishi Christopher Lee hadithi yao. Rush ilianza katika mtandao wa Ten tarehe 2 Septemba 2008, na katika misimu minne ikatimiza sehemu 70. Rodger Corser aliigiza sajini Lawson Blake, mkuu wa kikosi. Callan Mulvey, Nicole da Silva, Claire van der Boom, Josef Ber na Ashley Zukerman walikuwa askari wake. Samuel Johnson alikuwa Leon, kijana wa kompyuta anayetafuta habari za mtu kabla wenziwe hawajamfikia. Na Catherine McClements, ambaye watu walimkumbuka tangu Water Rats, alikuwa inspekta Kerry Vincent, anayebeba lawama ya kila amri. Kamera ilibebwa mkononi, ikakimbia pamoja na askari.

Mtazame Leon, maana hapo ndipo ufundi wa mchezo huu ulipo. Hali wenziwe wakivaa fulana za kuzuia risasi ndani ya gari linalokwenda kwa kasi, yeye amekaa mbele ya skrini akiuliza: huyu mtu ni nani, ana mke, ana mtoto, alifukuzwa kazi lini, aliwahi kulazwa wapi? Habari hizo huingia moja baada ya nyingine katika sikio la msuluhishi, naye huzigeuza kuwa maneno ya kumwambia mtu aliyesimama ukingoni mwa dari. Jina la mtoto likitajwa kwa wakati wake, mkono hushuka. Likitajwa kabla ya wakati, huleta maafa. Upelelezi, ambao katika Homicide ulifanywa kwa siku kadha wa kadha juu ya maiti, hapa hufanywa kwa dakika chache juu ya mtu aliye hai, na muradi wake ni abaki hai.

Sisemi kwamba mchezo huu hauna kasoro. Mapenzi ya askari kwa askari yalichukua nafasi kubwa mno, na mtu ambaye kwa ajili yake kikosi kiliitwa mara nyingi hutoweka mara anapotiwa pingu, tusijue amepelekwa hospitali ama gerezani. Lakini haukuacha kuonyesha kwamba askari anayefyatua risasi anaweza kuwa na sheria upande wake na bado asipate usingizi, na haya yalisemwa kwa taadhima, kwa watu wengi ambao wasingalisoma taarifa yoyote ya serikali.

Tarehe 11 Desemba 2008, mwaka ule ule Rush ilipoanza, makonstebo wa doria mjini Melbourne walikutana na kijana wa miaka 15, mwenye visu, katika uwanja wa Northcote wa kuchezea mbao za magurudumu. Wakampulizia dawa ya pilipili, wakamwamuru aweke visu chini, kisha wakampiga risasi akafa. Hakimu wa kuchunguza vifo alitoa hukumu yake Novemba 2011, mwezi ule ule tamthilia ilipoonyeshwa kwa mara ya mwisho. Hakuwatia makonstebo hatiani, bali alitaka polisi wafunzwe vizuri zaidi namna ya kusema na vijana na wenye maradhi ya akili. Na katika uchunguzi huo ilithibiti kwamba tangu askari walipomkabili kijana yule hata alipopigwa risasi zilipita sekunde 73.