Kimbunga Kikikosa Kufika, Usiseme Tulidanganywa

Mei 2024 nilikuwa Lodwar. Jua linachoma kama kawaida, vumbi kila mahali, na mimi nimekodoa macho kwa simu naangalia ramani ya Bahari Hindi. Wasee walinicheka sana. "We uko Turkana, kimbunga cha baharini kinakuhusu nini?" Kinanihusu, kwa sababu dadangu anaishi Mombasa, na kila nikifungua simu lile duara la mawingu limesogea pwani kidogo.

Kiliitwa Hidaya, yaani zawadi. Zawadi gani hiyo, jamani? Tanzania ilitoa tahadhari, na boti za Dar es Salaam kwenda Zanzibar zikasimamishwa. Kwetu Kenya mafuriko yalikuwa yameshaua watu zaidi ya 200, na tarehe 3 Mei Rais Ruto akatangaza kwamba shule hazitafunguliwa. Usiku huo sikulala. Nilikuwa nampigia dadangu kila saa, mpaka akaniambia niache kumaliza chaji yake.

Tarehe 4 Mei Hidaya ikafika kisiwa cha Mafia na kuishiwa nguvu. Kusini mwa Tanzania mvua ilileta mafuriko na kukata barabara, lakini Mombasa ikapona. Kesho yake mtandaoni ni vichekesho tu: kimbunga kimepotea njia, kimbunga feki, serikali inatutisha.

Sawa, tucheke. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar. Hakukuwa na setilaiti, hakuna redio, hakuna mtu wa kusema kinakuja. Sultani Barghash, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka miwili madarakani, alipoteza meli zake bandarini. Mikarafuu mingi ya Unguja iling'olewa, na mkarafuu si sukuma wiki, unachukua miaka kabla ya kuzaa. Pemba haikuumia hivyo, na baadaye ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Yaani upepo wa siku moja ulibadilisha uchumi wa visiwa viwili.

Kwa nini hatuoni haya mara nyingi? Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia inazunguka, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo mno. Kwa hivyo Mombasa iko mahali pazuri. Lakini nadra si kamwe. Waulize Lindi, walipigwa mwaka 1952.

Na sisi wa Turkana tusijifanye haituhusu. Si tunajua laga? Unasimama Kakuma kando ya Tarach, mchanga umekauka, anga safi, watoto wanacheza katikati. Mvua imenyesha mbali huko juu, na hujaiona hata tone. Mtu akipiga kelele "maji yanakuja!" unakimbia. Maji yakiishia njiani kabla ya kukufikia, je, utamrudia umwite mwongo?

Watu wa Unguja wa 1872 hawakupata mtu wa kuwapigia kelele. Sisi tulipata, bure, kwa simu. Mimi nachagua kuwa na wasiwasi siku tatu halafu nichekwe, kuliko kumpigia dadangu na simu haishikwi.

Wewe je, ulicheka au ulipiga simu?