Mchoraji Alipopewa Kurasa: Hadithi za Ajabu za Watoto Zilivyogeuka Riwaya za Katuni

Julai 2010, katika mji wa San Diego, Marekani, Tuzo za Eisner, ambazo ndizo zenye hadhi kubwa katika fani ya katuni nchini humo, ziliipa kazi moja heshima mbili. Kazi hiyo ni The Wonderful Wizard of Oz, iliyoandikiwa muswada na Eric Shanower na kuchorwa na Skottie Young. Ilitangazwa kuwa chapisho bora kwa watoto, kisha ikatangazwa kuwa mfululizo mfupi bora wa mwaka. Hadithi yenyewe ilikuwa imetimiza miaka 110. Ilikwisha kuigizwa jukwaani, kutengenezwa filamu na kuchorwa katuni mara nyingi. Jipya lilikuwa hili: mzazi aliyetaka mwanawe aijue Oz ya L. Frank Baum sasa angeweza kumpa katuni bila hofu kwamba mtoto amepunjwa.

Imani hiyo ilichukua muda mrefu kujengeka. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kuigeuza riwaya ya watoto kuwa katuni kulihesabiwa kuwa kazi ya kukata. Zilikatwa sura, yakakatwa maelezo, wakaondolewa wahusika, mpaka kitabu kikaenea katika kurasa chache za bei nafuu. Leo kazi hiyohiyo inatazamwa kama usomaji wa kina wa riwaya. Ukifuatilia historia yake utaona kwamba kilichobadilika si vipaji vya wachoraji, maana vipaji vilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni kiasi cha nafasi na imani waliyopewa.

Picha zilitangulia

Si kweli kwamba riwaya hizi zilikuwa maneno matupu hadi katuni ilipozivamia. Alice's Adventures in Wonderland ya Lewis Carroll ilitoka mwaka 1865 ikiwa na picha 42 za John Tenniel, mchoraji maarufu wa jarida la Punch. Uzito wa neno lake ulionekana mapema: Tenniel hakuridhika na jinsi picha zake zilivyochapwa, na Carroll akakubali nakala 2,000 za chapa ya kwanza ziondolewe, kitabu kikachapwa upya.

Kwa Oz mambo yalikwenda mbali zaidi. Kitabu cha mwaka 1900, kilichotolewa na kampuni ya George M. Hill ya Chicago, kilikuwa mali ya watu wawili. Baum aliandika, W. W. Denslow akachora, na haki wakagawana. Denslow alitumia rangi kusimulia. Picha zilizo kati ya maandishi hubadilika kufuata safari ya mhusika mkuu, Dorothy: kijivu akiwa Kansas, buluu akifika nchi ya Munchkin, kijani akikaribia Jiji la Zumaridi. Mtoto asiyejua kusoma bado aliweza kutambua kwamba mhusika amevuka mpaka.

Ushirika huo uliisha vibaya. Mchezo wa jukwaani wa mwaka 1902 ulileta fedha nyingi, na fedha zikaleta ugomvi wa mgawo. Denslow alinunua kisiwa huko Bermuda, na kila mmoja akashika njia yake akiwa na haki ya kuwatumia wahusika walewale. Matokeo yake, mwaka 1904 kurasa za rangi za magazeti ya Jumapili zilibeba Oz mbili zinazoshindana. Baum alikuwa na mfululizo wake uliochorwa na Walt McDougall, na Denslow naye akawa na wake kuhusu Mtu wa Bati na Sanamu ya Majani. Kwa hiyo Oz ilifika katika kurasa za vichekesho vya magazeti miaka minne tu baada ya kuzaliwa, tena ikipelekwa na wazazi wake wenyewe.

Kanter na vitabu vya senti kumi

Mtu aliyeifanya kazi hii kuwa biashara kubwa ni Albert Kanter, mhamiaji aliyezaliwa katika dola ya Urusi. Mwaka 1941 alianzisha Classic Comics kwa kutoa The Three Musketeers, na mwaka 1947 mfululizo ukaitwa Classics Illustrated. Lengo lake lilikuwa jema: watoto walikuwa wakinunua katuni kwa senti kumi, basi na wapewe fasihi kwa bei hiyohiyo. Gulliver's Travels ilitoka mwaka 1943. Alice ikafuata mwaka 1948 ikiwa toleo la 49, kwa mkono wa Alex Blum. Mwaka 1953 Kanter alifungua mfululizo wa watoto wadogo, uliokuja kuibeba pia Oz baada ya haki za riwaya ya Baum kumalizika mwaka 1956.

Mamilioni ya wasomaji waliijua fasihi kwa mara ya kwanza kupitia vijitabu hivyo, na heshima ya Kanter haiwezi kuondolewa. Lakini tazama masharti ya kazi. Idadi ya kurasa ilikuwa ileile kwa kila kitabu, kiwe kirefu au kifupi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kurasa 64, kisha zikapungua hadi 48. Maneno yalisongamana juu ya kila kisanduku, na picha ikabaki kurudia kile ambacho maneno yamekwisha kusema. Mwishoni msomaji alihimizwa akatafute kitabu halisi. Katuni ilijiombea radhi kwa kuwa katuni.

Kujiombea radhi huko kulikuwa na sababu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikafanya vikao juu ya jambo hilo, na wachapishaji wakaunda kanuni kali za kujichunguza. Kampuni ya Kanter ilikataa kujiunga, ikishikilia kwamba vitabu vyake ni vya aina nyingine. Hata hivyo Wertham hakuvisamehe, kwani aliona kwamba vinaua hamu ya kusoma. Shutuma hiyo ilidumu kuliko kanuni zenyewe. Hata leo yapo madarasa ambamo mtoto akikutwa na katuni huambiwa aiweke kando asome kitabu.

Kuvuta pumzi

Mwaka 1975 Marvel na DC, mahasimu wakubwa wa biashara hiyo, walitoa kitabu cha kwanza cha pamoja, na hadithi waliyoichagua ilikuwa Oz. Roy Thomas aliandika na John Buscema akachora katika kurasa kubwa kuliko za kawaida. Lakini waliifuata filamu ya MGM ya mwaka 1939, si riwaya. Viatu vya fedha vya Baum vilibaki kuwa vyekundu kama ilivyoamuliwa na sinema. Ilikuwa nakala ya nakala, ingawa ilichorwa kwa ustadi.

Hatua ya kweli ilianza kidogo kidogo. Mwaka 1986 kijana Eric Shanower alitoa The Enchanted Apples of Oz, hadithi mpya ndani ya ulimwengu wa Baum, ya kwanza katika riwaya zake kadhaa za katuni juu ya nchi hiyo. Mwaka 1989 kampuni ya Eclipse ikaanza kutoa The Hobbit ya J. R. R. Tolkien katika sehemu tatu. Muswada ulikuwa wa Chuck Dixon na Sean Deming, na picha za rangi ya maji zilikuwa za David Wenzel. Maneno ya Tolkien bado ni mengi humo, mengine yakijaza nusu ya kisanduku. Hata hivyo Wenzel alipewa kurasa zaidi ya mia moja, na unaona anavyozitumia. Anachora sebule ya Bilbo, hobiti ambaye ndiye mhusika mkuu, kwa subira, kikombe kwa kikombe, ili msomaji aelewe kwa macho ni nini hobiti huyu anakiacha nyuma anapotoka mlangoni. Hakuna sentensi inayolazimika kumweleza.

Hapo ndipo palipo siri ya kazi hii. Mwandishi wa riwaya huweza kusema kwa mstari mmoja kwamba miezi imepita. Mchoraji huhitaji kuamua miezi hiyo inaonekanaje. Mwandishi huingia kichwani mwa mhusika. Mchoraji ana uso, mabega na mikono tu. Jambo la kushtua huwekwa baada ya kufunua ukurasa, lisionekane mapema kwa pembe ya jicho. Mazungumzo ya kurasa tatu hupunguzwa mpaka yaenee katika viputo vichache, na kila neno lililoachwa lazima libebwe na picha. Anayefanya hivyo vizuri ameisoma riwaya kuliko wengi wetu tunavyoisoma.

Milango inafunguka

Mwaka 2005 Scholastic, kampuni kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, ilianzisha tawi la katuni liitwalo Graphix. Katuni ikaanza kuingia shuleni na maktabani kupitia mikono ileile iliyokuwa ikipeleka riwaya. Marvel nao wakamwita Shanower, wakampa Young awe mchoraji wake, na kati ya 2008 na 2009 Oz ikatoka katika matoleo manane. Walirudi kwa Baum. Viatu ni vya fedha, na Oz ni nchi ya kweli, si ndoto ya mtoto aliyegonga kichwa. Young hakumwiga Denslow wala sinema: Simba wake ni rundo kubwa la manyoya lenye uso wa woga, na Dorothy ni mtoto mdogo hasa. Uaminifu kwa maneno na uhuru katika picha vilikaa pamoja, na baada ya hapo wawili hao wakaendelea na vitabu vingine vitano vya Baum.

Mwaka 2012 Hope Larson akatoa A Wrinkle in Time ya Madeleine L'Engle. Riwaya hiyo ilikataliwa na wachapishaji wengi kabla ya kutoka mwaka 1962, kisha ikapata Medali ya Newbery mwaka 1963. Katuni ya Larson ina kurasa 392, nyingi kuliko za chapa ya kwanza ya riwaya yenyewe. Linganisha na kurasa 48 za Kanter. Larson alitumia nyeusi, nyeupe na buluu peke yake, akampa mhusika mkuu, Meg Murry, muda wa kukasirika, kunyamaza na kuogopa mbele yetu. Mwaka uliofuata akapata Eisner ya chapisho bora kwa vijana. Kazi iliyoanza kama ufupisho ilikuwa sasa inaipa hadithi nafasi pana kuliko ile iliyozaliwa nayo.

Sura ya mhusika ni ya nani?

Nafasi hiyo huja na dhamana. Riwaya yaweza kutaja rangi ya mhusika mara moja na msomaji akasahau. Katuni huichora katika kila kisanduku. Ursula K. Le Guin, aliyetoa A Wizard of Earthsea mwaka 1968, alimuumba shujaa wake Ged akiwa na ngozi ya hudhurungi kwa makusudi. Akaishi kuona majalada ya vitabu na mfululizo wa televisheni wa mwaka 2004 vikimfanya mweupe, na alilalamika hadharani. Riwaya ya katuni ya Fred Fordham, iliyotoka mwaka 2025, miaka saba baada ya kifo cha Le Guin, inamrudishia Ged sura yake, ukurasa baada ya ukurasa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna ushahidi wetu wa zamani katika jambo hili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies, na humo Elisi alichorwa akiwa msichana wa Kiafrika. Haikuwa katuni, na ilitolewa na wageni katika enzi ya ukoloni. Lakini mchoraji alikwisha kuonyesha kwamba mtoto anayetumbukia katika shimo la sungura anaweza kufanana na mtoto anayeshika kitabu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitupa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Hadithi hii bado inaishi katika lugha yetu.

Njia ya kutoka Afrika kwenda kwenye fantasia ya Ulaya nayo ipo. Mfaransa Clément Oubrerie alijulikana kwa kuchora Aya, hadithi ya Marguerite Abouet kuhusu wasichana wa Abidjan. Mwaka 2014 yeye na Stéphane Melchior walianza kutoa katuni ya riwaya ya Philip Pullman inayojulikana kwa Kiingereza cha Uingereza kama Northern Lights, na mwaka 2015 ikapata tuzo ya vijana katika tamasha la Angoulême. Mkono uliojifunza kuchora mitaa ya Abidjan ndio uliochora barafu ya Svalbard katika hadithi ya Pullman.

Kwa hiyo walimu, wazazi na wakutubi wana kipimo kilicho bora kuliko kuuliza kama katuni ni kitabu halisi. Wafungue ukurasa wajiulize: je, picha inasema kitu ambacho maneno hayajasema? Je, hadithi imepewa kurasa za kutosha kupumua? Je, wahusika wana sura walizopewa na mwandishi? Katuni inayojibu maswali haya matatu vizuri haihitaji kumsindikiza mtoto mpaka kwenye riwaya ndipo ihesabiwe kuwa imefanya kazi. Akienda, heri, asipokwenda, amekwisha kusoma. Mwanzoni mwa historia hii Tenniel alikubaliwa kusimamisha kitabu kizima kwa sababu ya picha. Warithi wake walisubiri zaidi ya karne moja kupewa tena imani ya kiasi hicho, na kila walipoipata, watoto ndio waliofaidika.